Tundu kwenye Kabati la Bibi

Juzi kitinda mimba wetu alikuwa akitafuta mpira wake nyuma ya kabati la sebuleni, mara akapitisha mkono hadi kiwiko katika tundu lililo mgongoni mwa kabati hilo, akauliza: “Baba, nani alilitoboa kabati la bibi?” Nilimjibu kwamba ni panya. Mama Idi, aliyekuwa akikunja nguo, aliniangalia bila kusema neno.

Ilikuwa Februari 2019. Nilikuwa na diski nne za terabaiti nne kila moja, madabodi (ubao mkuu wa kompyuta) ndogo ya milimita 170 kwa 170, na hamu ya kuviunganisha viwe seva moja, yaani kompyuta ya kutunzia picha zetu, zilizokuwa zimetapakaa katika flashi na simu mbovu. Kilichobaki kilikuwa kasha la kuviwekea vyote. Mama Idi alinipa rafu ya chini ya kabati la mninga alilorithi kwa mama yake, kwa sharti kwamba mlango ufungwe na pasionekane hata waya. Rafu hiyo ilikuwa na kina cha sentimita 35, nami niliipima mara nne kwa futi yake ya kushonea, kana kwamba ubao ungenionea huruma na kurefuka.

Kasha nililolitamani lilikuwa Node 304 la Fractal Design, lenye nafasi ya diski sita, feni mbili mbele na moja kubwa nyuma. Lakini kina chake ni milimita 374, yaani lingejitokeza kwa milimita 24 hata kabla sijachomeka waya wowote. Nikachagua jingine fupi zaidi, ambalo silitaji jina kwa sababu kosa lilikuwa langu. Nilikagua ukubwa wa pawa saplai, kifaa cha kugawa umeme, na kimo cha kipozea joto cha prosesa, ubongo wa kompyuta, nikahakikisha kila kitu kitaenea. Mimi niliyezaliwa Tanga, ambako mtu hutafuta kwanza upepo unatoka wapi ndipo aamue dirisha litazame upande gani, sikujiuliza hata mara moja hewa itaingilia wapi katika kile kijisanduku, ambamo diski nne zenye unene wa milimita 26 kila moja zilipangwa juu kwa juu, zikipulizwa na feni moja ndogo, ndani ya kabati lililofungwa.

Usiku wa tatu, kaskazi ikiwa imetulia na nyumba nzima inatoka jasho, nilikuwa bado nanakili picha. Diski ya pili kutoka juu ilionyesha nyuzi 57, na kikomo alichoandika mtengenezaji kilikuwa 60. Nilipofungua mlango wa kabati, joto lilinipiga usoni kama la sufuria ya wali iliyofunuliwa, na pamoja nalo ikatoka harufu ambayo sikuitarajia. Nilikuwa bado nimechuchumaa pale, tochi mdomoni, niliposikia sauti nyuma yangu: “Nani anafukiza udi saa hizi?”

Hakuna aliyekuwa akifukiza. Mama Idi alipiga magoti kando yangu, akaweka kiganja kwenye ubao wa nyuma na kukiacha hapo. Nilijua nitagombezwa. Nilianza kueleza habari za nyuzi na feni, naye hakuwa akinisikiliza. “Mama alikuwa akiweka kanga zake humu,” alisema. Tukakaa hivyo kwa muda, sauti pekee ikiwa ya diski zikikwaruza, na mimi nikishindwa kuamua kama nizime mashine au niiache ichemke kidogo zaidi. Hatimaye yeye ndiye aliyeinuka, akaenda kwenye cherehani, akarudi na chaki na kuchora duara kwenye ubao. “Kesho mwite seremala akate hapa.”

Seremala alikata, tukalisogeza kabati shubiri moja kutoka ukutani, nikafunga feni ya milimita 120 ya kutoa joto, na diski zikashuka hadi nyuzi 46. Harufu ile haikurudi. Baadaye nililinunua lile Node 304, na sasa linakaa juu ya stuli kando ya kabati, mbele ya macho ya kila mgeni, wala hakuna anayelilalamikia. Ningekubali tangu mwanzo kulikata kabati, labda kasha hilo lingeenea humo humo; ningekubali tangu mwanzo lionekane, kabati lingekuwa zima. Mara mbili nimependekeza tundu lizibwe, na mara mbili Mama Idi amekataa, bila kunipa sababu.

Mtoto, kwa upande wake, hakuridhika. Alichungulia tena nyuma ya kabati, akapanua viganja vyake kulipima tundu. “Panya gani huyo, mkubwa hivi?”

“Wa milimita 120,” alijibu mama yake, akiendelea kukunja nguo.