Mashua Iliyoshiba Pamba

Mwaka niliotimiza miaka 45, mashua yangu ya futi 22 ilikaa juu ya mchanga wa Matondoni, kisiwani Lamu, karibu miezi miwili. Kusi ilikuwa na nguvu, bahari ya nje haiendeki, nami nilikuwa na shughuli zangu Langoni. Agosti nikaenda kuitazama. Mianya baina ya mbao ilikuwa imefunguka hata ukucha wa kidole gumba unaingia. Nikasema moyoni, kazi ya siku mbili tu hii.

Kilichonitia haraka ni hesabu ya maji. Bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa kupita kiasi, huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na nguvu yake hasa huonekana siku moja au mbili baadaye. Huku kwetu, siku hizo maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa mnamo saa nne. Mashua nilikuwa nimeipandisha juu sana, mahali ambapo maji mafu, yale madogo ya kati ya bamvua na bamvua, hayafiki kabisa. Zilibaki siku nne bamvua ifike. Nikiikosa, ni kungoja wiki mbili nyingine.

Fundi niliyemwendea ni mzee wa miaka sabini na ushei, sote twamwita Ami. Alizunguka chombo mara moja, akapitisha gumba kwenye mwanya mmoja, akasema, "Mbao hizi zina kiu, mwanangu. Zinyweshe kwanza." Alitaka magunia yaliyoloweshwa yaning'inizwe ubavuni nje na ndani, na maji ya bahari yamwagwe ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, asubuhi na jioni. Ya bahari, si ya kisima, kwa sababu maji matamu yakituama huozesha mbao. Baada ya siku kadhaa mianya mingi ingejifunga yenyewe, na pamba ingetiwa pale palipobaki.

Nikamwambia, "Ami, bamvua hainingojei." Hakubishana. Alirudi kwenye dau alilokuwa akilichonga. Ningekuwa na miaka 25, kimya kile ningekiona tusi. Kwa miaka 45 nilikichukua kuwa ndiyo. Mara zote mbili ningekosea.

Basi nikakalafati mwenyewe. Kazi yenyewe si siri. Unatoa pamba kuukuu kwa ndoana ya chuma, unasafisha mwanya mpaka mbao ionekane, unasokota pamba mpya unene wa penseli, unaichovya katika mafuta ya nazi na kuikamua. Kisha unailaza mwanyani na kuishindilia kwa chembeu, patasi ya kukalafatia, na nyundo ya mti. Ikae ndani, isifike juu. Mwanya ubaki na kina kidogo. Mimi nilitia nyuzi mbili, pengine tatu, mpaka pamba ikawa sawasawa na uso wa ubao. Nilitumia kilo tatu nzima. Nilipokwisha, ubavu ulikuwa laini kama ukuta uliopigwa lipu, na nikajiona fundi.

Na macho nayo. Tangu mwaka uliotangulia nilikuwa nikisoma simu kwa kunyoosha mkono. Simu waweza kuisogeza mbali. Ukiwa umelala chali chini ya mkuku, ule uti wa chini wa chombo, ubao upo shibiri moja na nusu kutoka usoni na hausogei. Chembeu iliniponyoka mara tatu ikapiga ukingo wa ubao. Ukingo uliopondeka haushiki pamba, na huwezi kuurudisha.

Tulishusha siku ya bamvua, alasiri. Usiku wa kwanza ngama kavu. Usiku wa pili kavu. Nilipita mbele ya banda la Ami nikatoa salamu ndefu kuliko kawaida yangu.

Siku ya tatu niliteka kata arobaini za maji. Ubao wa tatu kutoka mkukuni ulikuwa umechomoza nje ya mwenzake kwa unene wa sarafu, na misumari yake imeng'oka kwenye mataruma, yaani mbavu za chombo, matatu. Mbao ikinywa maji hunenepa kwa upana, si kwa urefu. Kila ubao huongezeka kidogo, na ukizihesabu kutoka mkuku hadi juu, hicho kidogo kinakuwa kingi. Ikikuta mwanya una nafasi, hujaza na kutulia. Ikikuta pamba iliyoshindiliwa kama jiwe, lazima kitu kingine kisalimu amri, na msumari ndio mnyonge. Maji sasa yalipita kwenye matundu ya misumari, ambako pamba haina kazi.

Kabla ya bamvua ya pili nilinunua miwani ya kusomea, +1.50, kwenye duka dogo karibu na Mkunguni. Muuzaji hakushangaa. Alisema lenzi ya jicho huanza kukakamaa, na watu wengi huligundua hilo wakiingia arobaini. Nilikuwa nimelificha jambo hilo mwaka mzima, na dawa yake ilikuwa imening'inizwa kwenye kadibodi dukani.

Safari hii Ami ndiye aliyechagua mahali pa kuiweka. Aliitia magadi, yaani nguzo za kuiegemeza, kwenye mchanga wa kati, si juu, ili maji yajayo yaioshe mara mbili kila kutwa. Tulifanya kazi kuanzia saa moja asubuhi chombo kikikauka, mpaka kama saa saba maji yanaporudi, na kila siku saa hizo zikisogea mbele karibu dakika hamsini. Kila maji yalipojaa, mbao zilikunywa bila mimi kubeba hata ndoo. Sikuyatazama maji kama adui tena, ingawa nilichukia kuacha kazi katikati.

Misumari mipya ilizungushiwa uzi wa pamba shingoni na kupigwa pembeni mwa matundu ya zamani. Matundu yenyewe yakazibwa kwa vijiti vilivyochovywa mafuta. Nilikaa juu ya debe badala ya kuchutama. Ami alinikuta nimeinamia mwanya, miwani puani, akanigonga bega. "Miwani ni ya kuona pa kuanzia. Pa kukomea husikia." Akapiga mwenyewe. Nyundo ilitoa sauti nzito, iliyozama. Akapiga tena, tena, mpaka mlio ukawa mkavu na mfupi, kama kugonga mlango. Hapo akaacha, ingawa mimi niliona bado pana nafasi. Uzi mmoja kila mwanya. Pamba yote haikufika kilo moja na nusu.

Siku ya mwisho tukapika deheni: shahamu ya ng'ombe imeyeyushwa na kuchujwa, chokaa ikiongezwa kidogo kidogo huku ukikoroga, mpaka isidondoke kwenye kijiti. Ikiwa moto mno huteleza ubaoni. Ikipoa hukatika mabonge. Hupakwa kwa kiganja, ingali vuguvugu, juu ya ubao uliofutwa, na kazi yake ni kuwazuia wadudu wanaotoboa mbao majini. Sehemu ya chini kabisa alipaka mpwa wangu wa miaka kumi na tisa, kwa kuwa magoti yangu yalikuwa yamekwisha sema. Ubavu wa juu ulipakwa sifa, yaani mafuta ya samaki, na harufu yake ilinifuata mpaka nyumbani. Mke wangu aliniwekea sahani yangu barazani.

Tukashusha. Asubuhi nikakuta maji ngamani, kifundo kimoja cha kidole. Chembeu ilikuwa kikapuni, na pamba ilibaki. Niliteka kata nne, nikaketi. Siku ya pili kifundo hakikulowa chote. Ya tatu, ncha ya kidole ilitoka na tone moja na unyoya wa pamba.