Waya wa bei ghali na besi iliyorudi

Usiku ule nilipofunga waya mpya wa spika, besi ilirudi. Wimbo niliokuwa nimeusikiliza zaidi ya mwaka mzima, wenye gitaa la besi, ngoma ya taratibu na sauti ya mwanamke, ulibadilika pale pale. Gitaa ambalo siku zote lilisikika kama limefunikwa blanketi sasa lilikuwa na uzito. Yule mwimbaji, ambaye sauti yake ilikuwa imetapakaa chumba kizima, alisimama katikati ya spika mbili, ungeweza kumwonyesha kwa kidole. Nilikaa hadi saa nane usiku nikirudia albamu zangu moja baada ya nyingine.

Waya wenyewe ulinigharimu kuliko amplifaya. Muuzaji alinieleza habari za shaba isiyo na oksijeni, nyuzi zilizopakwa madini ya fedha, na jinsi waya unavyohitaji kupitisha muziki kwa saa 100 ndipo "ufunguke". Nilimwamini, na usiku ule niliona nilifanya vyema kumwamini.

Mdogo wangu ni fundi umeme. Nilipomsimulia hakunibishia. Alisema tu, "Kaka, kwamba umesikia tofauti nakubali. Ninachotaka kujua ni kama waya ndio ulioileta." Jumamosi akaja na kalamu, karatasi na shuka la kuziba nyuma ya amplifaya.

Kwanza alipiga hesabu, na hesabu ile ilinikosesha raha. Waya wangu wa zamani ni shaba ya kawaida ya milimita za mraba 1.5, urefu wa mita 3. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 6, ambazo ukinzani wake, yaani jinsi unavyouzuia umeme, ni kama omu 0.07. Spika zangu ni za omu 4. Waya mpya ni mnene zaidi, milimita za mraba 4, na ukinzani wake ni kama omu 0.025. Tofauti hiyo ukiigeuza kuwa sauti haifiki desibeli 0.1, na katika kusikiliza muziki kwa kawaida mtu huanza kutambua tofauti inapokaribia desibeli 1. Fedha ni kweli hupitisha umeme vizuri kuliko shaba, lakini kwa asilimia 6 hivi tu. Shaba iliyo nene kidogo zaidi inatosha kuziba pengo hilo. Nilimjibu kwamba masikio yangu hayajui hesabu. Akasema sawa, basi tuyaulize masikio.

Tulifanya raundi 20. Kila raundi alirusha sarafu nyuma ya shuka kuamua waya upi utumike. Kitufe cha sauti tulikibandika utepe kisiguswe, kwa sababu sauti iliyopanda hata kidogo huonekana nzuri zaidi bila msikilizaji kujua kwa nini. Hata sarafu ilipoamua waya ubaki uleule, alizima amplifaya, akachomoa na kuchomeka upya, ili kelele za mikono yake zisinipe jibu. Hakusema neno. Mimi nilisikiliza wimbo wangu, nikaandika "mpya" au "wa zamani". Tulikuwa tumekubaliana mapema kwamba nikipata 15 au zaidi nimeshinda, kwani kufika hapo kwa kubahatisha hutokea kama mara 2 katika 100.

Nilipata 11.

Niliumia. Katika raundi kadhaa nilikuwa na hakika kabisa, nilisikia "hewa" kuzunguka sauti ya yule mwanamke, na bado nilikosea. Nikadai kwamba huenda mtindo wenyewe wa jaribio ndio mbovu, kwamba ile dakika moja ya kubadilisha waya inafuta kumbukumbu ya sikio. Lilikuwa swali la haki, na mdogo wangu alilichukua hivyo. Akatoa kwenye begi waya mwembamba wa kengele ya mlango, milimita za mraba 0.5, urefu wa mita 10, akautandaza sakafuni na kuanza raundi nyingine 20 kwa mtindo uleule. Waya huo, kwenda na kurudi, una ukinzani wa karibu omu 0.7, na kwa spika za omu 4 unapunguza sauti kwa desibeli 1.4 hivi. Safari hii nilipata 17. Kumbe jaribio halikuwa na kasoro. Tofauti ya kweli ilipokuwepo, niliisikia.

Likabaki swali moja, na kwangu hilo ndilo lililokuwa zito: sasa usiku ule nilisikia nini? Nilikataa kabisa kwamba ni mawazo tu. Besi haikuwepo, kisha ikawepo.

Jibu lilikuwa kwenye simu yangu. Kabla ya kung'oa waya wa zamani nilikuwa nimepiga picha mgongo wa kila spika nisije nikasahau mpangilio. Mdogo wangu aliikuza picha ya spika ya kushoto, akainyamazia kidogo, kisha akanipa simu. Waya wa zamani una nyuzi mbili za rangi moja. Kinachozitofautisha ni mstari mdogo ulioinuka upande mmoja. Spika ya kulia, uzi wenye mstari ulikuwa kwenye tundu jekundu. Ya kushoto, ulikuwa kwenye jeusi. Kwa zaidi ya mwaka nilikuwa nimegeuza chanya na hasi kwenye spika moja.

Spika zikifungwa hivyo, koni moja, ile sehemu ya spika inayotikisika, inasukuma hewa wakati nyingine inavuta. Mawimbi marefu ya besi yanafutana kabla hayajakufikia, na mwimbaji aliyerekodiwa awe katikati anapoteza mahali pake. Ndiyo hasa hali niliyokuwa nimeizoea. Waya mpya una nyekundu na nyeusi zinazoonekana wazi, nikazifunga ipasavyo, besi ikarudi. Kwenye jaribio mdogo wangu alikuwa ameufunga waya wa zamani vizuri pia, kwa mazoea ya kazi yake, ndiyo maana haukutofautiana na mpya. Tuliugeuza makusudi upande mmoja. Muziki ukafunikwa blanketi lilelile.

Nilisoma baadaye kwamba mwaka 2007 James Randi wa Marekani, mwanamazingaombwe aliyechunguza madai ya ajabu, aliwaita wapenzi wa nyaya za spika za bei ya juu wazitofautishe na za kawaida bila kuona, kwa zawadi ya dola milioni 1. Hakuna aliyeichukua. Kabla ya jaribio letu ningekasirika kusoma habari hiyo.

Chumba ndicho kilichofuata kunifundisha. Kina urefu wa mita 4, na chumba cha urefu huo hukuza mawimbi ya karibu hezi 43 (mitetemo 43 kwa sekunde), ambayo ni sehemu ya chini kabisa ya gitaa la besi. Hapo katikati, umbali sawa kutoka ukuta wa mbele na wa nyuma, ndipo mawimbi hayo yanapodhoofika kuliko pote. Kiti changu kilikuwa hapo. Nilikisogeza nyuma zaidi ya nusu mita, na badiliko lilikuwa kubwa kiasi kwamba hakuna haja ya shuka wala sarafu. Zulia zito mbele ya spika likapunguza ukali wa sauti za juu.

Sisemi kila waya ni sawa. Ukivuta waya mrefu, chukua mnene. Kwenye kicheza santuri, kebo inayotoka kwenye sindano inaweza kubadilisha sauti za juu, kwa sababu sindano za aina nyingi huathiriwa na uwezo wa kebo kuhifadhi chaji. Mvumo wa hezi 50 uliokuwa ukinisumbua kila nilipounganisha televisheni ulikwisha nilipochomeka vifaa vyote kwenye soketi moja. Ulikuwa unatoka kwenye mzunguko wa ethi, yaani nyaya za ardhini zinazounganisha vifaa. Na kebo ya HDMI, inayobeba picha na sauti kidijitali, ikiwa mbovu utasikia sauti inakatika au inakwaruza. Haiwezi kuipunguzia besi.

Waya ule wa gharama bado uko kwenye spika zangu, kwa kuwa muuzaji hakukubali kuurudisha, na unafanya kazi yake vizuri kama ule wa zamani.

Wiki iliyopita rafiki yangu alinipigia akiuliza anunue waya gani, maana spika zake mpya hazina besi. Nilimwambia asinunue kitu kwanza. Nilifika kwake na betri ndogo ya volti 1.5, tukachomoa spika kwenye amplifaya, nikagusisha chanya ya betri kwenye tundu jekundu na hasi kwenye jeusi. Koni ilitoka nje, kama inavyotakiwa. Kisha nikafuata waya wake kwa kidole, kutoka nyuma ya spika ya kulia, chini ya zulia, hadi kwenye amplifaya, nikamwita aje aone mwenyewe.