Aliniambia ni kazi ya matanga

Jamaa alinipigia Jumatano usiku akaniambia ana kazi ya matanga Mbita, kule Ziwa Victoria, wikendi, na mimi vile hapa Kisumu nakula kwa kupiga picha za harusi na mazishi nikashusha sauti nikamuuliza, pole sana, marehemu ni nani? Alicheka mpaka simu ikakatika. Kumbe ni matanga ya boti! Ana katamarani, ile ya mitumbwi miwili sambamba imeunganishwa juu, anataka kukodishia watalii wazunguke visiwani, sasa anataka picha.

Ijumaa matatu hadi Luanda Kotieno, feri nikaipata iko karibu kung'oa nanga, kamera nimeikunja kwa koti la mvua kwa sababu mifuko ya plastiki si unajua ilipigwa marufuku 2017. Nikalala Mbita.

Asubuhi tukatoka mapema. Upepo wa saa hizo unatoka nchi kavu kwenda ziwani, ndio unatoa wavuvi wa tanga, halafu mchana ardhi ikishika joto unageuka unawarudisha, kwa hivyo ukichelewa kuamka umeachwa. Kosa langu nilipanda katamarani yenyewe. Saa nzima napiga kamba, mlingoti na miguu ya watu, maana ukiwa ndani ya boti huwezi kuiona boti, ni kama kupiga picha ya nyumba ukiwa kitandani. Ikabidi tukodi boti ya injini ya mzee mmoja mvuvi.

Huko nako injini inatetemesha kila kitu, kasi ya shata, ile inafanya picha isitikisike, nikapandisha hadi 1/1600 ya sekunde bado naomba Mungu. Tanga jeupe na hili jua letu la ikweta, picha za kwanza zote tanga limeungua, halina hata mkunjo, nikashusha mwanga ndio likarudi. Lakini shida kubwa ni katamarani hailali upande kama boti ya mtumbwi mmoja, imekaa tu wima, kwa picha unaona kama imepaki. Mzee akaniangalia nikihangaika akasema, "Omera (ndugu yangu kwa Kijaluo), wewe kaa chini, shika ukingo, piga ukiwa karibu na maji." Akazima injini akatuweka upande ule upepo unaenda. Hapo ndio nikaona tumbo la tanga limejaa, jua linapenya kwa nyuma, na povu chini ya ile mitumbwi miwili. Miaka yote nalipia masomo ya YouTube na bando.

Tulipopita kisiwa cha Rusinga akanionyesha upande aliozikwa Tom Mboya, yule waziri aliyeuawa 1969. Yaani matanga hayanipiti.

Kisiwa cha Takawiri ni mchanga mweupe na minazi, ukimwonyesha mtu wa Nairobi anakuapia ni Diani kule pwani. Mwenye boti alifurahi sana, ila kulikuwa na akina mama wameanika omena, vile visamaki vidogo vya ziwa, ufuoni akataka niwafute kwa kompyuta, ati wageni wanataka kisiwa kitupu. Nilimfutia, pesa ni yake, lakini mimi nimebaki na zile zenye omena na ndizo nzuri, ule ufuo wote unang'aa fedha na tanga liko nyuma.

Mzee yeye hakutaka picha ya tanga wala kisiwa. Alitaka moja tu, ya injini yake mpya, na kabla hatujafunga boti Mbita ilikuwa iko kwa status.