Gizani hatukimbii
Miaka tisa nafanya taa za jukwaani hapa Dar, na bado nikisikia "taa tayari... twende!" kwenye hedifoni, moyo unaruka.

Jana katikati ya onyesho taa moja ya pembeni ikazima. Kijana wetu mpya akataka kutimua mbio. Mzee wa mapazia akamshika bega, akamnong'oneza: "Mwanangu, gizani hatukimbii, gizani tunapapasa." Tukacheka bila sauti, mabega yanatikisika, huku mimi napandisha taa ya jirani taratibu mpaka uso wa mama pale jukwaani ukarudi.

Nawapenda sana watu hawa! Nguo nyeusi tii, roli la tepu kiunoni, tochi ndogo mdomoni. Na kupiga mluzi ni mwiko. Inasimuliwa kwamba zamani huko Uingereza mabaharia ndio waliovuta kamba za jukwaa, wakipeana ishara kwa mluzi. Ukipiga ovyo, pazia zito linakushukia kichwani. Kwetu anayesahau ananunulia wote chai na chapati.

Watazamaji walipoondoka, mzee alikuwa amepiga magoti, anabandua sakafuni, moja moja, alama za tepu zinazoonyesha waigizaji wasimame wapi. Anaziita nyayo za waigizaji.