Kabla ya kutuma pesa za kuongeza chumba Mombasa

Sisi tulio nje ya nchi, swali letu la kwanza kwa fundi huwa ni bei. Naye hutaja bei ya kila mita ya mraba, na pesa zikaanza kutumwa. Hesabu hiyo yafaa kwa nyumba mpya kwenye kiwanja kitupu. Kuongeza chumba ni kazi nyingine: kuna kubomoa, kuunganisha paa, kuhamisha mabomba na nyaya, tena kuna mambo yaliyofichwa chini ya ardhi. Mlipe kwanza mkadiriaji majenzi, mtaalamu wa kupima kazi na gharama za ujenzi, QS kama wengi wanavyomwita.

Mchoro wa msanifu na wa mhandisi uwe tayari, la sivyo naye atabahatisha tu. Muombe namba yake ya usajili wa BORAQS, bodi ya Kenya inayosajili wasanifu na wakadiriaji majenzi, uikague mwenyewe. Kisha afike nyumbani, asipime kwa picha za simu. Aulize shimo la choo liko wapi, maana uwanja uliobaki nyuma ya nyumba mara nyingi ndiko lilikochimbwa. Na achimbe shimo la majaribio: ukikutana na mwamba wa matumbawe, bei ya kuchimba si ile ya mchanga, na lazima iwe na mstari wake kwenye makadirio.

Atakachokupa ni BQ, yaani kila kazi, kipimo chake na bei yake. Chukua chumba cha mita 4 kwa 5. Slabu ya milimita 150 ni mita 3 za ujazo za zege. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4, yaani simiti moja, mchanga mbili na kokoto nne, ni kama mifuko 20 ya simiti ya kilo 50. Ukuta mmoja wa mita 5 upo tayari, hivyo unajenga mita 13 kwa kimo cha mita 3. Ukitoa mita 4 za mraba za mlango na madirisha, zabaki 35. Matofali ya uso wa sentimita 40 kwa 20 huingia 12.5 kwa mita ya mraba: kama 440, na pamoja na ya kuvunjika, 460. Ukiletewa risiti ya 700, unajua pa kuanzia kuuliza.

Kwetu pwani usikubali BQ isiyotaja maji na mchanga. Maji ya kisima mara nyingi yana chumvi, na mchanga wa ufuoni vilevile. Chumvi hiyo huzifanya nondo zishike kutu, zege likapasuka kutoka ndani. Maji matamu ya boza yana gharama, basi yaandikwe. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 huwa na uzito wa karibu kilo 10.7. Ndugu aliyeko nyumbani aipime kwenye mizani. Ikipungua sana, ni nyembamba.

Weka kando asilimia 10 ya dharura, ambayo haiguswi ila QS aidhinishe kwa maandishi. Pesa zitumwe baada ya yeye kupima kazi iliyokwisha: msingi, slabu, kuta, paa. Katika kila malipo bakiza asilimia 10, na sehemu yake uishike hadi masika ipite, kwa sababu paa jipya likiungana na la zamani, pale kwenye kiungo ndipo panapovuja kwanza.