Jinsi nilivyozuia rani za bure
Timu yetu ya kriketi ilikua inavuja rani (pointi za wapigaji) vibaya na kosa lilikua langu mimi nahodha, nilikua naufukuza mpira, ukipita kulia namhamisha mtu kulia, unaofuata unapita palepale alipotoka. Ukitoa bola (mrusha mpira) na wiketikipa (anayedaka nyuma ya mpigaji) unabaki na watu 9 tu, uwanja wote hauzibiki jamani. Sasa hivi kabla ya ova (mipira 6 ya bola mmoja) namuuliza bola anarusha wapi, akisema nje ya stampu ya ofu (kijiti cha upande ule kifua cha mpigaji kinaelekea) naweka 6 upande wa ofu, 3 wa legi (upande wa mgongo wake), na sigusi kitu mpaka mipira 6 iishe. Kila mtu anachora alama na kiatu aliposimama alafu ananitazama kabla bola hajaanza kukimbia. Rani mojamoja zikakauka, mpigaji akakosa subira, akaupiga juu, kava (mtu wetu wa upande wa ofu) akadaka, mpigaji akatoka. Nilifurahi mno!