Dadu la sponji na kadi 48: nilivyomchagulia mtoto wa miaka miwili mchezo wake wa kwanza

Michezo ya mezani iliyomo majumbani mwetu haimfai mtoto wa kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka mitatu. Chukua ludo. Kete haitoki nyumbani mpaka upate sita, na sita ni upande mmoja tu kati ya sita za dadu. Piga hesabu: uwezekano wa mchezaji kukaa zamu tatu mfululizo bila kupata sita ni 125 kwa 216, yaani zaidi ya nusu. Mkiwa wanne, mtoto atakuwa ameshawatazama wenzake zamu tisa na yeye hajasogeza chochote. Mtu mzima anavumilia. Mtoto wa miaka miwili ameshainuka kitambo, na kete mbili kaondoka nazo. Drafti inadai uwaze atakachofanya mwenzako, jambo ambalo umri huo haujalifikia. Bao ndiyo kabisa: komwe 64, na kila moja inatosha kuziba koo la mtoto.

Kwa hiyo sikutafuta ludo ndogo. Nilijiwekea masharti. Kila dadu likirushwa, mtoto ainuke afanye jambo kwa mwili wake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linataka mtoto wa mwaka mmoja hadi minne apate angalau dakika 180 za kucheza na kujongea kwa siku, na mchezo wa kumkalisha mkekani akingoja unazila dakika hizo. Pia asingoje zamu ya mtu, na asiwepo wa kushindwa, maana kwa umri huo kushindwa hakumfundishi kitu, kunamliza tu.

Sharti la usalama halina mjadala. Marekani, vitu vya watoto wa chini ya miaka mitatu hupimwa kwa kikopo cha mviringo chenye upana wa milimita 31.7, kitu kinachozama chote humo kinahesabiwa kuwa kinaweza kumkaba mtoto. Nyumbani natumia bomba la katikati la karatasi ya chooni. Ni pana kidogo kuliko kikopo hicho, hivyo linakataa vitu vingi zaidi, na hilo ndilo ninalolitaka. Kete za ludo zinapita, dadu la kawaida linapita, komwe zinapita. Ukinunua dukani, tafuta kwenye boksi alama ya duara jekundu lililokatwa kwa mstari, ndani yake uso wa mtoto na tarakimu 0-3. Ukiiona, mchezo huo si wa mtoto wa chini ya miaka mitatu, muuzaji aseme asemavyo.

Iliyobaki mezani baada ya masharti hayo ilikuwa michezo miwili. Mmoja ni Roll & Play wa ThinkFun, kampuni ya Marekani, uliotengenezwa kwa ajili ya watoto kuanzia miezi 18: dadu moja kubwa laini lenye rangi sita, na kadi 48 za rangi hizohizo. Mtoto anarusha dadu, anachukua kadi ya rangi iliyokaa juu, anafanya inachosema. Wa pili ni Erster Obstgarten wa HABA ya Ujerumani, wa kuanzia miaka miwili: matunda 16 ya mbao ya rangi nne, kikapu, na kunguru anayesogea njiani kuelekea bustanini. Wachezaji wote wako upande mmoja, wanajitahidi kuvuna matunda yote kabla kunguru hajafika. Ni mchezo mzuri sana, ila unachezwa mmekaa. Nikauweka uwe wa pili.

Nikachagua mtindo wa dadu kubwa na kadi, lakini nikatengeneza wa kwetu badala ya kuagiza. Kadi za dukani zimeandikwa Kiingereza, na vitendo vya mwili vimepewa rangi moja tu kati ya sita. Zilizobaki ni sauti za wanyama, viungo vya mwili, hisia, kuhesabu na kutambua rangi. Mimi nilitaka nusu ya dadu iwe ya kuinuka na kukimbia.

Kazi kubwa iko kwenye dadu. Ukilijaza pamba au sufi linavimba tumbo, linageuka mpira, na halitulii upande wowote. Hapo mchezo umekufa, kwa sababu mtoto hajui rangi ipi imetoka. Boksi la katoni hupondeka pembe baada ya siku chache na kuanza kuangukia upande uleule. Mbao inaumiza. Kinachofaa ni sponji ngumu ya godoro, na hapa tuna bahati: godoro la inchi 6 tayari lina unene unaotakiwa. Fundi masofa huwa na vipande vilivyobaki. Mwombe akukatie kipande cha inchi 6 kwa 6 kwa kisu chake kirefu, kwa sababu kisu cha jikoni kinaacha ukingo uliopinda na dadu litaegemea upande mmoja. Ukibonyeza sponji kwa kidole ikabaki na shimo, ni iliyochoka, ikatae.

Mfuko wake uwe mdogo kidogo kuliko sponji ili kitambaa kikaze na pembe zisimame. Nilikata vipande sita vya mraba, kila kimoja inchi 6 na robo tatu, na kuacha nusu inchi ya mshono kila upande. Mfuko ukatoka inchi 5 na robo tatu. Shona vinne kwa mstari, unganisha viwe duara, kisha weka kitako na kifuniko. Kifuniko kiwekewe zipu pande tatu, maana dadu litalambwa na kukanyagwa, na sponji ikifuliwa pamoja na kitambaa hunyonya maji, hukauka polepole na kunuka. Ukishaifunga zipu, kata kile kishikio chake kidogo. Ukitaka kufungua, ingiza pini kwenye tundu lililobaki. Kishikio ndicho kitu cha kwanza mtoto anachokipeleka mdomoni.

Rangi nilizochukua ni nyekundu, njano, kijani, bluu, nyeupe na nyeusi. Machungwa niliiacha kwa sababu inafanana mno na nyekundu taa zikiwa hafifu, na zambarau inachanganywa na bluu. Nyeupe inachafuka upesi, ndiyo, lakini ina kazi yake baadaye kidogo.

Kwa kadi, karatasi ya manila ya ukubwa wa A4 ikikatwa mara nne inatoa kadi nne zinazoenea vizuri kwenye kiganja cha mtoto akizishika kwa mikono miwili. Karatasi 12 zinatoa kadi 48, nane kwa kila rangi. Paka ukingo rangi husika kwa upana wa kidole, katikati weka picha. Picha za vitu vya nyumbani kwenu, zilizopigwa kwa simu na kuchapwa, zinaeleweka haraka kuliko michoro: kinu chenu, ufagio wenu, paka wa jirani. Zipitishe kwenye mashine ya laminesheni kwenye duka la fotokopi, kisha kata pembe ziwe mviringo. Usisahau pembe. Plastiki ile ina ncha inayokwaruza uso. Na acha milimita tatu za plastiki kuizunguka karatasi, la sivyo mate yanaingia na kadi inafunguka.

Nini kiandikwe kwenye kadi ndilo swali linaloamua kama mchezo utachezwa au utatupwa chini ya kitanda. Hapa nilitumia orodha ya hatua za ukuaji ya CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti na kuzuia magonjwa. Miezi 18, watoto wengi hufuata agizo moja bila kuonyeshwa kwa mkono. Miaka miwili hukimbia na kupiga mpira teke. Miezi 30 huruka kwa miguu yote miwili, hufuata maagizo mawili yaliyofuatana, na hujua angalau rangi moja. Kudaka mpira mkubwa ni jambo la miaka minne. Kwa hiyo kadi ya "ruka kwa mguu mmoja" na ile ya "daka mpira" hazina nafasi kabisa, na mtoto wa miaka miwili asiulizwe "hii rangi gani?" Anachoweza ni kulinganisha. Mwekee kadi upande wa dadu, mwambie atafute inayofanana. Jina la rangi unalitamka wewe, kila mara, bila kumdai alirudie.

Rangi tatu, yaani nyekundu, njano na bluu, nilizipa vitendo: twanga kwenye kinu, fagia, tambaa kama kaa, paa kama kunguru, jizungushe, chuchumaa uinuke, beba mto mpaka mlangoni, piga mpira teke, jifiche nyuma ya kanga. Kijani ni wanyama, na mtoto halii tu kama mbuzi, anatembea kama mbuzi. Nyeupe ni viungo: gusa goti, shika pua ya mama. Nyeusi ni kuhesabu, na haivuki tatu: piga makofi mawili, ruka mara tatu. Hisia sikuzipa rangi yake, zinaingia zenyewe ukisema "tembea kama simba mwenye hasira".

Usizitoe zote 48 siku ya kwanza. Anza na tatu kwa kila rangi, kadi 18. Mtoto anapenda kurudia, na kadi anayoijua ndiyo inayomfanya acheke kabla hujamaliza kuisoma. Akizizoea, ongeza moja kwa kila rangi.

Mahali pa kuchezea pawe na nafasi ya mita mbili kwa mbili, bila pembe za meza karibu, na wote muwe pekupeku, kwani soksi kwenye sakafu ya vigae zinateleza. Dadu lirushwe sakafuni au kwenye mkeka. Kwenye godoro linaegemea na kubaki na rangi mbili. Mtoto akirusha, wote mnafanya kadi hiyo, wakubwa kwa wadogo. Hii ndiyo kanuni niliyoishikilia kuliko zote, maana inafuta kungoja. Kaka au dada wa miaka mitano mpe kazi ya kushika kadi na kutangaza. Bila kazi hiyo atairukia zamu ya mdogo wake kila mara.

Dakika tano hadi kumi zinatosha. Akianza kurusha kadi badala ya dadu, amechoka, kusanya. Akikimbia na dadu, mwache akimbie nalo na umfuate, kisha mlirushe kulekule alikolifikisha. Akitaka kadi ileile ya kinu, mpe.

Mtoto akishafika miezi 30 hivi na kulinganisha rangi bila msaada, dadu lilelile linaingia kwenye mchezo wa mavuno, kwa mfano wa ule wa Wajerumani, ila wenye mwendo. Funga vibonge vinane vya vitambaa, vya ukubwa wa chungwa, viwili kwa kila rangi kati ya nyekundu, njano, kijani na bluu, na uviweke kwenye pembe nne za chumba, kila rangi pembe yake. Kikapu kikae katikati. Rangi ikitoka, mtoto anakimbia kulifuata tunda moja na kulirudisha kikapuni; ikiwa pembe hiyo imeshavunwa yote, anarusha tena. Nyeupe, achague mwenyewe. Nyeusi, kunguru anasogea hatua moja kwenye njia ya hatua tano uliyoichora sakafuni kwa chaki. Nilipunguza matunda kutoka 16 hadi manane kwa sababu kukimbia kunachukua muda kuliko kunyoosha mkono, na mtoto hachoki njiani. Kunguru akikaribia kufika mara nyingi na mtoto akaanza kumwogopa, ongeza hatua moja au mbili kwenye njia. Akizoea kushinda kila siku, punguza moja.